Mtoki, Panya na Mjomba

Nilikuwa na miaka minane hivi nilipochomwa na mwiba wa mgunga nyuma ya zizi la mbuzi, kijijini kwa bibi, wilayani Kongwa, Dodoma. Niliuchomoa mwenyewe nikanyamaza, maana nilikuwa nimekatazwa kutembea peku. Siku ya tatu nikaanza kuchechemea. Bibi hakuuliza habari za mguu. Alinilaza kwenye mkeka, akanibonyeza kinenani, nikapiga yowe. "Una mtoki," akasema. "Haya, lete huo mguu tuone ulikanyaga nini."

Kila aliyekulia kijijini anaijua hesabu hiyo: kidonda mguuni, uvimbe kinenani, kidonda mkononi, uvimbe kwapani. Ila hakuna aliyetuambia kwamba kati ya unyayo na kinena kuna safari, na safari ina msafiri. Msafiri huyo nilikuja kumfahamu ukubwani, nimevaa koti jeupe la maabara, na kwa muda mrefu karibu yote niliyoyajua juu yake yalikuwa yametoka kwa panya.

Anaitwa seli ya dendriti. Jina limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti, kwa kuwa seli yenyewe ina matawi kila upande, kama mbuyu wa kiangazi uliopukutisha majani. Inakaa kwenye ngozi, kwenye mapafu, kwenye utumbo, popote mwili unapokutana na dunia. Watu wakisikia habari za kinga ya mwili hufikiria askari. Huyu si askari. Huyu ni yule jirani anayeamka usiku akakuta mwizi ameshatoroka, akaokota kandambili iliyodondoka chini ya dirisha, akakimbia nayo mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Nyumba ya balozi ndiyo tezi ya limfu. Humo wamejaa askari wanaoitwa seli T, na kila mmoja anatambua kandambili ya aina moja tu, hajui nyingine. Jirani anapita mbele yao akiionyesha. Wengi hawaitikii. Akipatikana wa kusema "hiyo naijua," anaanza kujigawa: wawili, wanne, wanane, mpaka nyumba ya balozi inajaa na kuta zinafura. Kuta hizo ndizo bibi alizozibonyeza.

Paul Langerhans alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin alipoziona seli hizi kwenye ngozi ya binadamu mwaka 1868. Kwa sababu ya yale matawi akadhani ni za neva. Ikapita zaidi ya karne moja. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, wakaziona tena, safari hii kwenye bandama, wakazipa jina ambalo limebaki mpaka leo. Bandama hiyo ilikuwa ya panya. Tangu hapo, aliyetaka kuzijua seli za dendriti alianza kwa kubisha hodi kwa panya.

(Kiswahili kinamwita panya kila mwenye mkia mrefu na tabia ya kutoboa magunia. Huyu wa maabara ni yule mdogo, wa gramu 20 hadi 30, si buku.)

Mwezi wa pili mwaka huu mjomba alinitumia ujumbe wa WhatsApp, wa ile aina iliyokwisha kusambazwa mpaka simu yenyewe inakuonya. Ulisema chanjo ya saratani imepatikana na panya wote waliochanjwa wamepona. Chini yake mjomba aliandika kwa herufi kubwa: MWANANGU HII IKOJE. Mjomba ana saratani ya tezi dume. Iligundulika mwaka juzi, anachomwa sindano za homoni, na ukimwona shambani huwezi kudhani anaumwa. Alikuwa fundi wa reli maisha yake yote. Mtu wa reli hapendi jibu la "tutaona."

Nilimpigia. Nikamwambia, "Mjomba, panya si mtu."

Akanyamaza kidogo. "Hilo nalijua hata bila shule," akasema. "Nakuuliza tofauti iko wapi."

Nilijiumauma, nikamwahidi kwamba Jumamosi nitakwenda Kongwa tuzungumze. Ukweli ni kwamba nilikuwa na aibu. Tofauti hiyo mimi mwenyewe niliwahi kuisahau, na ilinigharimu nusu mwaka.

Ilikuwa wakati nasoma shahada ya pili. Nilitaka kuhesabu seli za dendriti kwenye damu ya watu, kazi inayofanana na kupima CD4, kile kipimo cha damu cha wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nchi hii haina haja ya kuelezwa CD4 ni nini. Kuna mabibi wanaozijua namba zao kuliko wanavyojua tarehe zao za kuzaliwa. Wasichokijua wengi ni kwamba CD4 ni namba moja katika orodha ndefu. Juu ya kila seli kuna protini zinazoonekana kwa nje, na tangu mkutano uliofanyika Paris mwaka 1982 wataalamu wamekuwa wakizipa namba: CD1, CD2, CD3, na kuendelea hadi mamia. Ukitaka kuipata seli fulani, unachukua kingamwili (protini ya kinga inayonasa kitu kimoja tu) inayoshika namba yake, unaipaka rangi inayowaka ikipigwa na leza, unaichanganya na damu, unapitisha kwenye mashine. Inayowaka ndiyo yako.

Mimi nilikuwa naitafuta aina moja mahsusi ya seli za dendriti, ile yenye kipaji cha kumeza mabaki ya seli ya saratani au seli iliyoingiliwa na virusi na kuwaonyesha askari wauaji, yaani seli T zinazoua seli mbovu, si askari waratibu tu. Nilisoma makala nyingi, usiku na mchana, na zote zilinihakikishia kwamba seli hiyo inatambulika kwa CD8. Nikaagiza kingamwili ya CD8. Kichupa kidogo kuliko kidole gumba, bei karibu mshahara wa mwezi, na kilichukua miezi mitatu kufika kikiwa na barafu iliyokwishayeyuka. Nikachukua damu, nikapaka rangi, nikapitisha kwenye mashine. Askari wauaji waliwaka kama kawaida, maana nao wana CD8. Seli za dendriti, hakuna hata moja.

Nikalaumu barafu. Nikarudia. Nikalaumu mashine. Nikarudia tena. Nikafika mahali pa kulaumu damu ya watu. Mwisho msimamizi wangu, mzee mmoja mpole asiyependa kusema sana, akachukua zile makala nilizokuwa nazitegemea, akaweka kidole kwenye sehemu ya mbinu, ile sehemu ambayo sisi wanafunzi huiruka kama matangazo ya vifo ya watu tusiowajua. Panya. Panya. Panya. "Unamtafuta mtu kwa shati," akasema, "na shati lenyewe ni la jirani."

Seli za dendriti za binadamu hazina CD8. Hazijawahi kuwa nayo.

Nilipopoa nilianza kusoma upya, nikagundua kuwa sikuwa wa kwanza kupotezwa na shati hilo. Mwaka 1992 kundi la Ken Shortman kule Melbourne liliona kwamba baadhi ya seli za dendriti za panya zina CD8, na ndivyo zikaitwa: seli za dendriti zenye CD8. Mwaka 2000 watafiti wengine, wakifanya kazi kwa damu ya binadamu, wakazigawa za kwetu kwa mashati mengine kabisa, moja likiwa CD141, lingine CD1c. Kwa takriban miaka kumi vitabu viwili vilikaa rafu moja bila kufunguliwa pamoja. Kimoja kilizungumzia CD8, kingine CD141, na hakuna aliyekuwa na uhakika nani ni nani.

Kilichofungua fumbo hakikuwa shati jipya. Mwaka 2008 watafiti wa St. Louis, Marekani, walitengeneza panya aliyenyimwa jeni inayoitwa Batf3. Panya huyo alikosa zile seli zenye CD8, na pamoja nazo akapoteza uwezo wa kuukataa uvimbe ambao panya wenzake waliukataa. Kwa hiyo tukapata kujua seli hiyo inazaliwa kwa jeni gani na inafanya kazi gani. Mwaka 2010 makundi kadhaa yakatoa matokeo karibu kwa mpigo: zile seli za CD141 kwenye damu ya binadamu, ambazo ni chache kiasi kwamba katika seli elfu moja za damu ulizozitenga hufikishi hata moja, zina kipokezi cha XCR1 kama za panya, zina CLEC9A inayonusa seli zilizokufa kama za panya, na zinaonyesha kandambili kwa askari wauaji kama za panya. Ni ukoo mmoja. CD8 na CD141 zilikuwa nguo tu.

Nguo zenyewe wala si za kuaminika. CD141 inavaliwa pia na seli za kuta za mishipa ya damu, ambako kazi yake ni kuzuia damu isigande. Na CD1c, shati la aina ya pili ya seli za dendriti za binadamu, panya hawezi kuivaa hata akitaka: katika jamii nzima ya CD1 yeye amebaki na CD1d peke yake. Mwaka 2014 kundi la wataalamu lilipendekeza majina ya CD yaachwe yabaki maabara, na seli ziitwe kwa ukoo wake, aina ya kwanza na aina ya pili, iwe kwa panya, kwa mtu, au kwa nguruwe. Kuna na aina ya tatu, ya mviringo, isiyoonyesha matawi mpaka ichokozwe, ambayo kazi yake kubwa ni kumwaga intaferoni, protini za kuzuia virusi, pindi vinapoingia. Mwaka 2017 watafiti wa Boston na wenzao wakasoma jeni za seli za damu moja baada ya moja, wakatoka na makundi sita ya seli za dendriti badala ya yale tuliyoyazoea. Zaidi ya hapo, waliona kwamba ndani ya ile aina ya mviringo tulikuwa tumechanganya na seli nyingine inayofanana nayo kwa shati. Ndiyo kusema hata baada ya miaka yote hiyo bado tulikuwa tunahesabu mashati.

Jumamosi nilipanda kosta asubuhi, nikashuka Mbande, nikachukua bodaboda hadi kwa mjomba. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mbukwa, karibu." Mkazamjomba alikuwa anasonga ugali wa uwele. Nilimwambia mjomba habari ya shati, naye akaipenda kwa sababu ya reli. Alisema kichwa cha treni kikipakwa rangi mpya, abiria wanadhani ni kipya, lakini fundi anasikiliza injini.

"Kwa hiyo injini ni ile ile?" akauliza.

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu, kwa sababu jibu ni kwamba inafanana sana, na si ile ile.

Kwanza, tuliziangalia wapi? Panya unaweza kumfungua ukatoa bandama, tezi za limfu, mapafu, uboho. Mtu mzima na afya zake hakupi bandama. Anakupa damu, tena kwa kununa. Kwa hiyo kwa miaka mingi tulilinganisha bandama ya panya na damu ya mtu. Ni sawa na kutaka kuwajua watu wa Dodoma kwa kukaa stendi kuu ya mabasi. Utawaona, ndiyo, ila utawaona wakiwa na mabegi, wana haraka, wanaangalia saa. Seli ya dendriti kwenye damu ni abiria. Haijafika inakokwenda, haijakomaa, haijakutana na mwizi wake. Tofauti kadhaa tulizodhani ni za mtu na panya zilikuwa tofauti za aliyeko safarini na aliyeko nyumbani kwake.

Kisha kuna tofauti ambazo hata ukihama stendi zinabaki. Kubwa kwangu ni ya masikio. Seli za dendriti zina vipokezi vinavyosikia dalili za vimelea, na kimoja kinachoitwa TLR9 kinasikia vipande vya vinasaba vya bakteria na virusi. Kwa panya, TLR9 iko kwenye takriban kila aina ya seli za dendriti, na kwenye seli za kumeza taka pia. Ukimdunga panya vipande hivyo, kijiji kizima kinaamka. Kwa binadamu, wanaosikia hasa ni wale wa mviringo na seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Aina ya kwanza na aina ya pili zinaendelea kulala. Hebu fikiria mtafiti aliyeona chanjo yake ikiamsha kijiji kizima ndani ya sanduku la panya, kisha akaileta kwa watu na kuona nyumba mbili tu zimewasha taa. Si dawa zote zilizopotea bure. Chanjo ya homa ya ini aina B yenye kiambato hicho iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na inafanya kazi. Lakini kelele tulizoziahidiwa na panya hazikusikika.

Na yeye anasikia vingine ambavyo sisi ni viziwi kwavyo. TLR11 ya panya, ikisaidiana na TLR12, inakisikia kimelea cha toksoplazma, na seli zake za dendriti za aina ya kwanza ndizo zinazopiga mbiu kwa kumwaga protini ya kinga iitwayo IL-12. Sisi jeni ya TLR11 tunayo, imevunjika, haifanyi kitu, TLR12 hatuna. Nikimfikiria panya hili halinishangazi. Toksoplazma hukamilisha maisha yake ndani ya paka, na kila mtu anajua anafikaje humo.

Upande wa IL-12 kuna jambo lingine lililowachanganya watu. Kwa panya, aina ya kwanza inakaribia kuhodhi mambo: IL-12, kuwaonyesha askari wauaji kandambili, yote inafanya yenyewe. Kwa binadamu kazi zimegawanywa kwa ulegevu zaidi. Aina ya pili nayo humwaga IL-12 nyingi, nayo huweza kuwafundisha askari wauaji. Mtu akibuni dawa ya kuamsha aina ya kwanza peke yake kwa sababu panya alisema inatosha, huenda ameacha nusu ya wafanyakazi nje ya geti.

Tulikuwa tumekaa kibarazani, na mjomba akaitazama nyumba ya bibi, ambayo sasa ni stoo. Bibi alikufa akiwa haoni. Alikuwa na vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao Kongwa inaujua kuliko ingependa kuujua. Watafiti wamekuja wilaya hii miaka na miaka kuusoma, wakapima hata jinsi kuosha uso wa mtoto kunavyosaidia. Kope zake ziligeukia ndani zikawa zinakwangua jicho, na kila jioni mmoja wetu alikuwa na zamu ya kuzing'oa kwa kibano. Niliwahi kutaka kujua kwa nini vikope haviwi rahisi kusomwa kwa panya. Jibu limo katika hii hii habari ya tofauti. Askari wa kinga wakimkuta bakteria wa vikope, aitwaye klamidia, humwaga intaferoni ya gama, kwa mtu na kwa panya vile vile. Ila seli ya mtu ikipata amri hiyo huvunjavunja triptofani, kirutubisho ambacho bakteria anakihitaji, akabaki na njaa. Seli ya panya haihangaiki na njaa. Inatuma kikosi cha protini kwenda kupasua kifuko alimojificha bakteria. Panya ana jeni zaidi ya 20 za kikosi hicho. Sisi tumebaki na mbili. Bakteria wa kwetu akiingia kwa panya anakutana na vita asivyovijua, hivyo watafiti wengi hutumia ndugu yake, klamidia ya panya, aliyekwisha kujifunza kukwepa kikosi hicho. Ugonjwa unaopatikana ni wa panya. Macho ya bibi yangu hayamo.

Mjomba hakusema kitu hapo. Akaomba maji.

Baadaye akauliza swali ambalo sikulitegemea: hao panya wanakula nini? Nikamwambia wanakula chakula kilichochemshwa kikafa kila kijidudu, wanakunywa maji yaliyochujwa, wanalala kwenye sanduku lenye hewa iliyochujwa, na wengi wanatoka koo chache za ndugu waliozaliana kaka na dada kizazi baada ya kizazi. Yule mweusi anayetumika kuliko wote ana asili ya mwaka 1921. Vyumba vyao huwekwa karibu na nyuzi 22, ambazo kwa panya ni baridi. Wenyewe wangechagua karibu na 30. Mwezi wa kumi na moja Dodoma ungewafaa sana.

Mwaka 2016 watafiti wa Minnesota walifanya jambo ambalo mama yeyote wa kijijini angeweza kuwashauri mapema. Walichukua panya safi wa maabara wakawaweka sanduku moja na panya waliowanunua kwenye duka la wanyama wa kufugwa, wachafu, wenye magonjwa yao. Takriban mmoja katika kila watano kati ya wale safi akafa. Waliobaki, kinga yao ilibadilika. Kabla ya hapo, kinga ya panya wa maabara ilifanana na ya kichanga wa binadamu aliyezaliwa leo. Baada ya kuchanganyika na wenzao wachafu, ikafanana na ya mtu mzima. Nilipoyasoma matokeo hayo nilicheka peke yangu. Miaka mingi tumeuliza kinga ya mtu mzima aliyepitia malaria, minyoo, surua na vumbi la Kongwa, na aliyekuwa anatujibu ni mtoto mchanga aliyelelewa ndani ya kabati.

Kwa hiyo nikarudi kwenye ujumbe wake wa WhatsApp. Nilimwambia chanjo zinazotumia seli za dendriti si uongo. Ipo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, tena kwa saratani ya tezi dume iliyosambaa na kuacha kusikia dawa za homoni. Mgonjwa anatolewa damu, seli zake zinazoonyesha kandambili zinakaa na protini ya tezi dume kwenye chupa, kisha anarudishiwa. Mara tatu. Aliposikia mara tatu akatikisa kichwa kwa matumaini, na ikabidi nimwambie yaliyobaki: katika utafiti uliofanya iidhinishwe, waliopewa waliishi wastani wa miezi minne zaidi ya wasiopewa, na ilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 93,000. Akaziweka dola kwenye shilingi kichwani, akaacha katikati.

"Na panya walipona wote."

"Walipona, mjomba. Lakini uvimbe wa panya, watafiti walimdunga wenyewe wiki moja kabla. Wa kwako umekaa miaka, unaishi na hao majirani, umewazoea, wameuzoea. Wakiona kandambili yake wanaipita."

Nikamsimulia Steinman. Mwaka 2007 aligunduliwa saratani ya kongosho, ambayo huwa haimpi mtu muda, naye akaamua kujitibu pia kwa chanjo zilizotengenezwa kwa seli zake mwenyewe za dendriti, zile alizozipa jina akiwa kijana kwenye bandama ya panya. Aliishi miaka minne na kidogo. Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 2011 akafariki. Jumatatu yake, tarehe 3 Oktoba, Tuzo ya Nobeli ya tiba ikatangazwa na yeye yumo. Waliotangaza hawakuwa na habari ya msiba. Kanuni zinakataza kumpa marehemu, ila kwa kuwa walimchagua wakiamini yu hai, wakaiacha ibaki yake. Kama ni chanjo zilizomwongezea siku, au dawa nyingine, au bahati, hakuna awezaye kulithibitisha kwa mtu mmoja. Kwa panya ungechukua kumi wengine ukarudia.

Mjomba alifikiri kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wameingia kibarazani kuokota punje. Nikadhani nimemkatisha tamaa, nikaanza kumweleza kuhusu sindano zake za homoni, kwamba hizo zimejaribiwa kwa watu, maelfu, kwa miaka. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Hao wa dukani," akasema, "wale wachafu. Waliwanunua kwa shilingi ngapi mmoja?"

Nikasema makala haikutaja bei.

Akanyanyuka, akaenda kwenye nyumba ya bibi, akafungua mlango wa mabati. Ndani kulikuwa na magunia ya mtama, na kitu kikakimbia nyuma yake kabla mwanga haujafika. "Waambie watu wako wa maabara," akasema, akiwa bado ameshika komeo, "hawa wangu wana kinga ya watu wazima. Wamekula mtama wa misimu mitatu, paka wamemshinda. Waje na magunia tu."